Filamu ya polepole, kijana akiwa pembeni

Kuna filamu ambayo mwanzo wake unaweza kumkimbiza mtazamaji asiye na subira. Vijana wanachimba koltani kwenye shimo la udongo. Mmoja anasita kidogo kuliangalia jiwe aliloshika, mlinzi anampiga, anakufa. Wenzake wanaanza kupiga ngoma, na wanapiga kwa muda mrefu. Hakuna anayekueleza nani ni nani.

Inaitwa Neptune Frost. Waliyoiongoza ni Saul Williams, Mmarekani anayechanganya mashairi, rap na midundo ya kompyuta, pamoja na Anisia Uzeyman wa Rwanda, ambaye pia ndiye aliyeshika kamera. Hadithi inatokea Burundi, ila picha zilipigwa Rwanda, na mmoja wa waigizaji wakuu ni Kaya Free, rapa wa Burundi. Ilioneshwa mara ya kwanza Cannes, Ufaransa, mwaka 2021. Wahusika wanavaa nguo zilizopambwa kwa vipande vya kompyuta zilizokufa, wanaimba kuliko wanavyozungumza, na hadithi inakwenda kama ndoto.

Sasa fikiria kijana wako wa miaka 16 mbele ya kitu kama hicho. Amezoea video za sekunde 15. Akienda kibanda umiza, filamu inakuja na mtafsiri anayeongea juu ya picha mwanzo hadi mwisho, ufundi ambao Lufufu aliupa jina nchini. Ukimya haupewi nafasi hata kidogo.

Nisije nikaeleweka kwamba polepole ni dawa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwachukua watoto 60 wa miaka minne. Waliotazama katuni ya kasi kwa dakika 9 tu walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kutulia na kufuata maelekezo kuliko waliokuwa wakichora. Habari hiyo ilizunguka sana, na wengi wakaishia hapo. Lakini mwaka 2015 mtafiti huyohuyo aliyeuongoza utafiti ule, pamoja na wenzake, alirudi na majibu tofauti kidogo: kilichowachosha watoto zaidi ni mambo ya ajabu yasiyowezekana duniani, si kasi yenyewe. Kwa wadogo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 uko wazi: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa kijana, swali ninaloliona muhimu ni nani amekaa naye.

Nililiona hilo hapa Urambo, kwenye nyumba ya mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi mwaka 1972 na kupelekwa makazi ya Ulyankulu, ambayo leo yako wilaya ya Kaliua iliyomegwa kutoka kwetu. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo, na wao wakiwemo. Binti wa nyumba hiyo anajua Kiswahili na Kinyamwezi cha mtaani. Kirundi hajui, na hakuna aliyewahi kukaa akamsimulia.

Tuliweka kompyuta mpakato juu ya stuli. Kwa nusu saa ya kwanza binti aliniuliza mara mbili kama intaneti imekwama. Bibi yake alikuwa nyuma yetu kwenye mkeka, akichambua maharage, hata hatazami. Kisha wimbo mmoja ulipoanza akanyanyua kichwa.

"Hawa wanasema kwetu," alisema.

Binti akageuka. Filamu ikaendelea bila mtu wa kuitazama, na kwa kuwa haina haraka, hatukupitwa na kitu.

"Bibi, mlipokuja mlikuja na nini?"

"Nilimbeba mjomba wako mkubwa mgongoni. Na sufuria."

Hakuongeza neno kwa muda. Binti naye hakumharakisha, akavuta ungo akaanza kuchambua maharage pamoja naye. Mama mtu alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye aliniambia habari ya sufuria hakuwahi kuisikia, naye ana zaidi ya miaka arobaini.

Waliokulia kwenye tumbaku wananielewa. Kulinda moto wa bani usiku kucha ni kazi ya kukaa tu, na humo ndimo wazee walikuwa wanasema mambo ambayo mchana hayasemeki. Hakuna aliyepanga kikao. Mtu alikuwa na saa nyingi na mwenzake pembeni.

Kitu kingine kilichomgusa binti ni koltani. Ndani yake mna tantalamu, madini yanayotumika kutengeneza vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, na sehemu kubwa inachimbwa Kongo na Rwanda, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na juu kidogo ya Kigoma. Aliigeuza simu ya mama yake akaitazama mgongoni, kama vile angeweza kuona kitu.

Tahadhari ni hizi. Filamu si ya watoto wadogo. Mna mauaji, mna jaribio la kumdhalilisha mtu kingono, na mhusika mkuu anachezwa na mwanamume kisha na mwanamke, jambo ambalo kijana atauliza. Itazame kwanza peke yako ujue utajibu nini. Inakaribia saa mbili, kwa hiyo igaweni siku mbili; sisi umeme ulitugawia wenyewe. Na kama nyumbani kuna mzee aliyekimbia vita, muulize kwanza kama anataka kuwepo, na akitaka kuondoka katikati, mwacheni aende.

Humo mna Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Maandishi ya chini ya picha ni ya Kiingereza, hivyo kijana atamsomea bibi. Wakifika kwenye Kirundi, bibi atamtafsiria yeye.