Kompyuta Iko Mbali, Swichi Wanayo Wao

Makamanda wa Songea, tunaambiwa ofisi ya kisasa haihitaji kompyuta ya bei mbaya. Programu na mafaili yote yako kwenye seva ya mbali, wewe unafungua tu kwa intaneti. Safi! Kijana wa Lizaboni anaweza kupiga kazi ya kampuni ya Nairobi.

Ila Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Bila intaneti, kompyuta hiyo ni kioo cheusi tu. Mwajiri wa Nairobi atakusubiri?

Halafu serikali ya CCM hiyo hiyo inatuhubiria uchumi wa kidijitali! Wapi na wapi? Tunadai sheria: intaneti isizimwe bila amri ya mahakama. Sambaza!