Tumfunge Ngamia: Moyo wa Mama Anayetibiwa Saratani



Ndugu Waislamu wa Kasese na Bwera, wazazi na wanafunzi wangu, leo naandika juu ya jambo tunalolinong'ona tu: saratani ya matiti.

Shemeji yangu alitibiwa kwa ile dawa nyekundu ya mshipani, doksorubisini. Dawa hii huua chembe za saratani, lakini kwa baadhi ya wagonjwa hudhoofisha misuli ya moyo, na hatari huzidi kadiri jumla ya dozi inavyozidi. Baada ya miezi kadhaa akawa anahema akitoka sokoni Mpondwe, na miguu ikavimba. Tukasema ni husuda. Mimi mwenyewe, mwalimu wa madrasa, nilimsomea ruqya nikarudi nyumbani nimeridhika. Sikumuuliza kama daktari anajua. Alipopimwa, moyo ulikwisha dhoofika.

Sijutii kumsomea. Najutia kuishia hapo. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kutafuta dawa, na alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu.

Kumfunga ngamia hapa ni kupimwa moyo kwa eko kabla ya kuanza dawa, na tena kama daktari atakavyopanga. Ni kumwambia daktari mapema kama mgonjwa ana presha au kisukari. Ni kutoficha kuhema, kuvimba miguu, au kushindwa kulala chali, hata kama miaka imepita tangu matibabu. Wala mtu asiache dawa kwa hofu, kwani saratani isiyotibiwa huua. Daktari aweza kubadilisha dawa, na moyo ukigunduliwa mapema mara nyingi husaidika.

Kutoka Bwera hadi Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, Kampala, ni safari ndefu, na nauli ni mzigo. Hapo ndipo msikiti unapohusika. Tunachangia sanda bila kuulizwa. Kwa nini tusichangie nauli na kipimo mtu angali hai? Mgonjwa fukara ni katika wanaostahiki zaka. Nanyi waume, fuataneni na wake zenu kliniki. Ramadhani ikifika, msimlazimishe mgonjwa kufunga. Qur'ani imempa ruhusa.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe tuliochelewa kuuliza. Amin.