Gari la Kijana na Barabara za Bonde la Ufa

 

Wiki hii tumeshika swali la mama mmoja, msomaji wetu wa Mombasa. Mwanawe anafanya kazi Nakuru, ana mke na mtoto mchanga, na amenunua gari aina ya Subaru Impreza lililokwisha kutumika. Sasa anamwomba mamake amkopeshe fedha aondoe springi na shokamzoba za gari hilo, atie zile za mashindano ziitwazo koilova, ili gari likae chini na kushika barabara. Mama anauliza mambo mawili: Je, kumpa fedha hizo ni israfu? Na je, jambo lenyewe lina hatari?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwa kuwa familia nyingi za pwani zina vijana wao huko bara. Wako wanaosoma Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na wako walioajiriwa Naivasha, Gilgil na Nakuru yenyewe. Mapenzi ya magari ya mbio yamewaingia wengi wao, na fedha za kuyapamba mara nyingi hutoka katika mkoba wa mama au katika sehemu ya nafaka ya mke.

Tuanze na hukumu. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharimisha, na kijana kupenda gari zuri si dhambi. Lakini uhalali huo una mipaka miwili. Wa kwanza ni israfu, yaani kutoa mali pasipo haja ilhali haki za watu hazijatimizwa. Wa pili ni madhara, kwani miongoni mwa kanuni kuu za fiqhi ni ile inayokataza kudhuru na kudhuriana. Basi hatuwezi kusema ni halali au ni haramu kabla ya kujua kitu hiki kinafanya kazi gani katika gari.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda tuta au kuingia shimoni, springi hujikunja ili mshindo usiwafikie waliomo ndani. Lakini springi ikiachwa peke yake ni kama pembea iliyosukumwa: itaendelea kupanda na kushuka. Shokamzoba ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya ule mtikisiko hugeuka joto na kwisha. Kazi ya viwili hivi ni moja, nayo ni kuliweka tairi likiwa limegusa ardhi wakati wote. Tairi lililoruka juu, japo kwa nukta moja, halina breki wala usukani.

Hapa ndipo vijana wengi wanapochanganya mambo. Hudhani kwamba gari gumu ndilo linaloshika barabara. Tuchukue mfano wa hesabu. Springi inayohitaji kilo 3 kujikunja milimita moja, ikipanda jiwe la milimita 30 itausukuma mwili wa gari kwa nguvu ya ziada ya kilo 90. Springi ngumu ya mashindano inayohitaji kilo 8 kwa milimita, kwa jiwe lile lile, itausukuma kwa kilo 240. Katika uwanja wa mashindano wenye lami laini kama sakafu, ugumu huo una faida, kwa kuwa gari halilali upande likikata kona. Katika barabara yenye viraka na mashimo, gari gumu hurukaruka, na tairi huiachia ardhi pale pale dereva anapoihitaji.

Basi tuitazame barabara anayopita kijana huyu. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukiishika njia ya Eldoret utapanda hadi Timboroa, kupita mita 2,700, katika mvua, baridi na ukungu. Njiani ziko teremko za Sachang'wan na Salgaa, ambazo majina yake yamekuwa majina ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, karibu na hapo, basi na lori viligongana wakafariki watu zaidi ya 30. Malori mazito ya kwenda Uganda hupita humo mchana na usiku, na lami chini yake hufanya mikunjo. Kila penye kituo cha biashara pana matuta. Ukiiacha barabara kuu kuelekea vijijini, Rongai au Molo, unaingia katika changarawe na vumbi. Na Idi ikikaribia, kijana huyu atampakia mkewe, mtoto na mizigo, ashuke nao hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Gari lililoshushwa milimita 50 kisha likapakiwa hivyo litabakiwa na nafasi ndogo sana chini yake, na kila tuta litakwaruza bomba la moshi na sahani ya injini.

Labda kijana atajibu kwamba magari kama lake yalishinda Safari Rally. Ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953. Colin McRae alishinda mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa gari la aina hiyo hiyo. Tangu yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, yamekuwa yakipita Soysambu na Elmenteita, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Lakini kijana na aulize magari yale yalitengenezwaje. Kwa mashindano ya lami ya Ulaya mafundi waliyashusha. Yalipoletwa Kenya waliyainua, wakayatia shokamzoba zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa sababu walijua mawe na mashimo yanayoyangoja. Waliitazama ardhi kwanza, kisha wakachagua springi. Anayetaka kuwaiga mabingwa na awaige katika hilo.

Sasa tuje katika ushauri, na hapa tumewasikiliza mafundi tunaowaamini. Gari kuukuu likiyumba, mara nyingi springi haina kosa. Kosa liko katika tairi zilizoisha, bushi zilizokatika, boli joiti zilizolegea, au shokamzoba zilizovuja. Hata asiyekuwa fundi aweza kuchunguza kidogo. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie: likipanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia, shokamzoba imechoka. Tazama kama kuna mafuta yaliyochuruzika juu yake. Pitisha mkono juu ya tairi: ukihisi mabonde mabonde, gurudumu limekuwa likirukaruka. Na gari likiinamisha pua sana linapofunga breki, hiyo nayo ni dalili.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi uwe huu. Kwanza tairi nzuri na breki, kwani hakuna springi itakayoziba pengo la tairi lenye kipara. Pili bushi na boli joiti. Tatu shokamzoba mpya za kiwango cha kiwanda, zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto pamoja, ili gari lisivute upande mmoja. Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa alainimenti, ama sivyo tairi mpya zitalika upande kwa muda mfupi. Wengi wakifika hapa huona kwamba lile gari walilotaka kulipata kwa koilova wamekwisha kulipata.

Akiwa bado ana hamu, na uwezo wake unaruhusu, achague springi zilizoongezwa ugumu kidogo tu, pamoja na shokamzoba zilizotengenezwa ziendane nazo. Springi ngumu juu ya shokamzoba laini ni kama farasi mwenye nguvu na hatamu mbovu. Koilova ziwe za mwisho kabisa, na ziwe za mtengenezaji anayejulikana, kwani zile za bei rahisi huvuja mapema, na vumbi na matope huzishika nyuzi zake zisizunguke tena. Spea zilizotumika Japani si mbaya zote, lakini shokamzoba ni kitu kinachochakaa, na rangi mpya ya nje haimwambii mnunuzi umri wa mafuta ya ndani. Anunue penye risiti na dhamana.

Liko jambo moja ambalo tunalikataza waziwazi: kukata springi kwa msumeno, au kuichoma kwa moto wa gesi ili ilale. Hii ndiyo njia ya bei nafuu, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Moto huharibu ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa aghalabu haikai sawasawa katika kiti chake. Gurudumu likining'inia shimoni yaweza kuteguka. Anayefanya hivyo akijua, kisha akampandisha mkewe na mwanawe, amecheza na amana.

Na hata yale yaliyo salama yasifanywe kwa siri. Gari likibadilika kimo, mwanga wa taa nao hubadilika, huenda ukampofusha anayekuja mbele au ukaangaza miguuni pa dereva tu. Kampuni ya bima iarifiwe, kwani isipoambiwa yaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Na ijulikane kwamba kasi ya gari dogo katika barabara kuu za Kenya haizidi kilomita 110 kwa saa, na mijini 50. Gari linalotulia katika kasi hizo halihitaji vifaa vya uwanja wa mashindano.

Basi, mama yetu, jibu letu ni hili. Muulize mwanao kwanza kama nafaka ya mkewe na matibabu ya mtoto yametimia. Kama bado, fedha ziende huko. Yakiwa yametimia, mkopeshe kwa ajili ya tairi, breki, bushi na shokamzoba za kiwango, umwombe akuletee risiti. Hiyo si israfu, kwani kuhifadhi nafsi ni katika malengo makuu ya sheria yetu. Za kushusha gari ili lipendeze macho ya wenzake, mwambie kwa upole asubiri azipate kwa jasho lake. Andikianeni deni hilo hata kama ni mama na mwana, maana ndivyo tulivyoamrishwa.

Nanyi wake wa vijana hawa, semeni. Gari likikugongeni viuno na mtoto akaamka kwa kila tuta, huo ni ushahidi wenu, na mume mwema atausikiliza. Abiria ana haki juu ya dereva kama mgeni alivyo na haki juu ya mwenyeji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio safarini, awatie utulivu nyoyoni na mikononi, na awarejeshe kwetu salama. Wabillahi tawfiq.