Mawe yanayocheza kwenye njia ya kiwanja

Mama wapendwa wa Kasongo na Kabambare, juma hili tunaongea juu ya njia ile ya kuingia kiwanjani, kutoka barabarani hadi mlangoni. Wengi wetu tumeitandika mawe, matofali ya kuchoma au dale za simenti ili tusikanyage matope. Lakini mvua zikisha kupita miezi mingi, dale moja inaanza kucheza, kisha ya pili. Tunaizoea. Tunawaambia watoto waruke hapo, na mgeni tunamwambia apite pembeni.

Bido ya maji ya litre 20 ina uzito wa kilo 20. Mama anayeibeba kichwani, na mtoto mgongoni, hawezi kutazama miguu yake. Mama mwenye mimba vilevile. Tena maji yanayokaa katika mashimo kati ya dale yanazalisha mbu wa malaria: kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama juma moja au mawili tu.

Dale haichezi kwa sababu imechoka. Inacheza kwa sababu maji yamechukua mchanga wa chini yake, au kwa sababu pembeni hakuna kitu kinachoishika, na pikipiki zinazoingia na magunia ya mchele zinaisukuma kidogo kila siku. Ndiyo maana hatukubali kazi ya fundi anayekuja kumwaga simenti nyembamba juu na kuondoka na pesa. Chini kukiwa kulegevu, simenti ile itapasuka tu. Na simenti kwetu inatoka mbali, kila mama anajua bei yake.

Kazi yenyewe tunaiweza sisi wenyewe, hasa kiangazi, Juni hadi Agosti, udongo ukiwa mkavu. Ila dale za kutengeneza tuziwekee alama sasa, mvua ingali inanyesha: ile inayorusha maji machafu ukiikanyaga ndiyo mgonjwa.

Tuinue dale kwa mtarimbo, si kwa vidole, kwa maana nge na nyoka wanapenda kulala pale. Watoto wakae mbali. Tuondoe matope na mizizi mpaka tufike udongo mgumu. Shimo likiwa na kina, tujaze changarawe au vipande vya matofali, tunyunyize maji kidogo, tushindilie kwa gogo zito lenye umbo la mchi (mchi wa jikoni tuuache jikoni). Juu yake tumwage mchanga wa mto, ule wenye chembe kubwa, usio na majani, kama sentimeta 3, tuusawazishe kwa ubao.

Sasa turudishe dale, ibaki juu kidogo kuliko jirani zake, kisha tuigonge kwa mti mpaka zilingane. Nyundo ya chuma inaivunja. Njia yote iinamie mbali na nyumba: kila meta moja, ishuke sentimeta 2. Asiye na nivo atumie chupa nyeupe ya plastiki yenye maji nusu, ailaze juu ya ubao ulionyooka. Maji yataonyesha upande unaoshuka. Watoto wa shule wanapenda sana sehemu hii, tuwaachie wapime.

Kati ya dale tufagie mchanga mkavu mpaka mianya ijae, na baada ya siku chache turudie, kwa sababu utashuka. Pembeni tuchimbe mfereji mdogo na kusimamisha matofali ndani yake, nusu ardhini. Kazi hii ya pembeni watu wengi wanairuka, na ndiyo inayoshika yote.

Kwa tofali la kubadilisha, gonga mawili pamoja. Likilia kama kengele, limeiva. Likitoa sauti ya kibuyu, au likilainika baada ya kulala usiku katika maji, lirudishe kwa muuzaji. Mahali pa pikipiki tuyalaze kwa ubavu, yanavumilia zaidi.

Mtarimbo mmoja unatosha kundi zima. Kundi lenye likelemba linaweza kuununua pamoja na kufanya kazi kwa zamu, Jumamosi hii kwa mama huyu, Jumamosi ijayo kwa mwingine, tukianza na viwanja vya wenye mimba na vya bibi zetu wasioona vizuri.