Nahau za Kiingereza na Jawabu la Bibi

Wana wetu warudipo kutoka shule huja na nahau za Kiingereza, nao huwauliza mama zao maana. Mama asiyesoma Kiingereza hudhani hana la kujibu, akanyamaza. Twamwambia leo kwamba nusu ya jawabu anayo yeye. Nahau haifasiriwi neno kwa neno; hutafutiwa maana yake, kisha hutafutiwa nduguye katika lugha yetu.

Tuanze na "spill the beans". Maneno yake ni kumwaga maharagwe, na maana yake ni kutoa siri. Wazee wetu walikwisha kutuonya tusimwage mtama penye kuku wengi. Punje ni mbalimbali, maana ni moja.

Ya pili ni "pull someone's leg". Mwana akiandika kwamba mwenzake alimvuta mguu, msomaji atadhani aliangushwa chini. Waingereza wakusudia kumtania mtu kwa kumwambia lisilo kweli. Basi na aandike, "Alinitania."

Ya tatu ni "once in a blue moon", yaani jambo litokealo kwa nadra sana. Siku hizi jina la mwezi wa buluu hupewa mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa miladia, jambo ambalo huja takriban kila baada ya miaka miwili na nusu. Katika hesabu yetu ya Hijria haliwezekani, kwani mwezi huanza kwa kuandama, huwa na siku 29 au 30, na hupevuka mara moja tu, kiasi cha usiku wa 14. Mwana aelezwapo hivi, hujifunza nahau na kalenda kwa pamoja.

Ya nne yataka hadhari: "kick the bucket", kupiga ndoo teke, ambayo maana yake ni kufa. Hii ni ya mzaha. Mwana akimwandikia mwalimu aliyefiwa barua ya pole na kuitia nahau hii, atamzidishia uchungu. Nasi tuna "kukata kamba", ambayo hakuna aendaye matangani akaitamka mbele ya wafiwa. Twasema amefariki, au ameaga dunia. Kujua maana ya neno hakutoshi, mpaka mtu ajue pa kulitumia.

Kwa hiyo, wazazi wetu, usiku mmoja wa juma hili baada ya chakula, kila mwana na alete nahau moja ya shuleni na aeleze maana yake. Kisha bibi aulizwe, "Sisi twasemaje?" Mwana atapata alama zake za Kiingereza, na maneno ya bibi hayatazikwa naye.

Wabillahi tawfiq.