Avidya Si Ujinga: Tahadhari kwa Wafasiri wa Falsafa ya Bara Hindi

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii ina hekima yake, na hakuna anayekusudia kuibeza. Hata hivyo, imetuzoesha kuuona ukosefu wa maarifa kuwa ni utupu tu, mahali pasipo taa. Taa ikiletwa, giza hutoweka. Mazoea haya ndiyo yanayomponza mfasiri wa Kiswahili anapokumbana na neno avidya, mojawapo ya nguzo za falsafa na dini za Bara Hindi. Aghalabu hulipokea kupitia Kiingereza, akaandika "ujinga", kisha akaendelea na safari yake. Makala haya yanadai kuwa tafsiri hiyo inapotosha, na kwamba hasara yake si ndogo.

Ni vyema kuanza na neno "ujinga" lenyewe. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya uhuru, viongozi wa kisiasa waliutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui watatu wa taifa. Dawa ya ujinga huo ilijulikana: shule kwa watoto na kisomo cha ngumbaru kwa watu wazima. Kwa hivyo, katika masikio ya msomaji wa leo, ujinga ni kutosoma, na mjinga ni yule ambaye hakupata nafasi ya kuketi darasani au aliyeketi asiambulie kitu. Aidha, neno hilo ni tusi. Wahindu, Wajaini na Wabudha wakielezwa kwa Kiswahili kuwa wanafundisha kwamba mwanadamu huzaliwa katika "ujinga", msomaji atadhani kwamba wanachokihubiri ni umuhimu wa kwenda shule.

Maandiko ya Bara Hindi yenyewe yanaukataa ulinganisho huo. Katika Chandogya, mojawapo ya Upanishadi kongwe, kuna kisa cha Shvetaketu aliyekwenda kusoma akiwa na umri wa miaka 12 na kurejea nyumbani akiwa na miaka 24. Alikuwa amezihitimu Veda zote na amejaa majivuno. Baba yake, Uddalaka, akamwuliza iwapo alipata kufundishwa jambo moja ambalo mtu akilielewa huwa ameelewa hata yale ambayo hajayasikia. Kijana hakuwa na jibu. Katika kitabu hicho hicho, Narada anamwendea Sanatkumara na kumtajia orodha ndefu ya aliyoyasoma: Veda, hesabu, mantiki, elimu ya nyota, hata elimu ya nyoka. Kisha anakiri kuwa angali na huzuni, kwa kuwa hajaijua nafsi. Je, hawa wawili waitwe wajinga? Kwa kipimo cha darasa, ni mabingwa. Kwa kipimo cha Upanishadi, kisomo chote hicho hakijawatoa katika avidya.

Mwanafunzi wa mofolojia anaweza kujitetea kwa kulichanganua neno. Kuna kiambishi kanushi a-, na kuna vidya, yaani maarifa, kutokana na mzizi vid wenye maana ya kujua. Matokeo yake ni "kutojua", na kazi imekwisha. Lakini Vyasa, mfafanuzi wa kale wa Yoga Sutra za Patanjali, alilikabili jambo hili hili na kutoa onyo. Mitra ni rafiki. Amitra, alisema, si pengo linaloachwa na rafiki, ni adui. Vivyo hivyo, avidya si pengo la maarifa. Ni ujuzi wa namna nyingine, unaosimama kinyume cha maarifa ya kweli. Kiswahili nacho kinaifahamu tofauti hii. Mtu anaposema "fulani hanipendi", msikilizaji haelewi kwamba upendo haupo tu. Anaelewa kwamba kuna chuki. Ukanushi wa kisarufi si lazima uzae utupu wa kimaana.

Mfano mashuhuri zaidi wa avidya ni ule wa kamba na nyoka, uliotumiwa na Gaudapada, kisha na Shankara ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 8. Mtu anapita njiani jua limekwisha kuchwa. Anaiona kamba imelala, anaidhania nyoka, anaruka kando, na moyo unamwenda mbio. Hapa ndipo methali ya usiku wa giza inapopungukiwa. Katika giza totoro mtu huyu asingeona chochote, na nyoka wake asingezaliwa. Hofu yake ni mtoto wa utusitusi: mwanga unaotosha kumwonyesha kuwa kitu kipo, lakini usiotosha kumwonyesha ni kitu gani. Shankara aliliita tendo hili adhyasa, yaani kukibandika kitu sifa za kitu kingine. Mtu husema "mimi ni mnene" au "mimi ni kipofu", akaibandika nafsi sifa za mwili, wala hajui kuwa amebandika. Patanjali naye aliugawa upotovu huu katika mafungu manne: kuhusu udumu wa vitu, kuhusu usafi, kuhusu raha na kuhusu nafsi. Katika kila fungu mtu amekwisha kushika jibu, nalo ni kinyume cha kweli.

Tatizo la pili la neno "ujinga" ni kwamba linafunika mabishano. Bara Hindi halikuwa na fundisho moja juu ya jambo hili. Kwa Shankara, aliye katika avidya ni yule asiyeitambua nafsi yake ya kweli, ambayo haina tofauti na Brahman. Kwa Wabudha, kuamini kuwa ipo nafsi ya kudumu ni tunda mojawapo la avidya yenyewe. Kinachomwokoa mmoja ndicho kinachompoteza mwingine. Wabudha huiweka avidya, ambayo Kipali huiita avijja, mwanzoni mwa mnyororo wa pete 12 unaoeleza jinsi mateso yanavyozuka, na huifasili kama kutozielewa Kweli Nne Tukufu. Katika michoro ya Kitibeti ya gurudumu la maisha, pete hiyo huchorwa kama kipofu mwenye fimbo. Ikumbukwe kuwa kipofu huyo hakuketi, anatembea. Wajaini nao hufundisha kuwa nafsi kwa asili yake hujua yote, ila imefunikwa na karma, ambayo kwao ni maada hasa inayoambatana na nafsi. Mfasiri anayeandika "ujinga" katika maandiko ya makundi yote haya anawafanya wapinzani waonekane wamekubaliana.

Hata miongoni mwa wafuasi wa Vedanta hapakuwa na suluhu. Ramanuja, aliyefundisha kusini mwa Bara Hindi katika karne za 11 na 12, aliishambulia dhana ya Shankara kwa swali linaloonekana jepesi: avidya hiyo ni ya nani? Ikiwa ni ya Brahman, basi nuru yenyewe imeingiwa na giza. Ikiwa ni ya mtu binafsi, mtu huyo ametoka wapi, ilhali inasemekana kuwa utengano wake na Brahman umetokana na avidya hiyo hiyo? Wafuasi wa Shankara wenyewe waligawanyika katika kulijibu. Swali hili halina uzito wowote kwa Kiswahili iwapo neno ni "ujinga", kwa kuwa hakuna anayeuliza ujinga wa kutokwenda shule ni wa nani.

Hata hivyo, haki inadai kwamba upande wa pili usikilizwe. Mwenye kupinga anaweza kusema kuwa kuiweka avidya mbali na darasa ni anasa ya waliokwisha kusoma. Hoja hii ina nguvu, na inatoka Bara Hindi kwenyewe. Shankara huyo huyo aliyefundisha kuwa nafsi zote ni moja alishikilia, katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, kwamba Washudra hawana ruhusa ya kujifunza Veda. Basi ni nani aliyeachwa na kamba yake njiani? Jyotirao Phule, aliyefungua shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848 pamoja na mkewe Savitribai, alilichukua neno hilo hilo avidya na kulielekeza kwingine. Katika kitabu chake juu ya hali ya wakulima, alichokiandika mwaka 1883, alieleza kuwa maafa ya Washudra yalitokana na avidya, na kwake avidya ilikuwa kunyimwa elimu. Avidya hii ya Phule inafanana sana na ujinga uliokemewa katika majukwaa ya uhuru wa Afrika Mashariki.

Je, Phule anaibomoa hoja ya makala haya? La hasha. Anaikamilisha. Nguvu ya maneno yake ilitokana na kwamba wasikilizaji wake waliijua maana ya zamani, wakaona jinsi alivyoigeuza: waliojiita wenye vidya ndio waliowanyima wengine elimu. Mfasiri aliyeandika "ujinga" tangu ukurasa wa kwanza hatakuwa na njia ya kumwonyesha msomaji mgeuko huo.

Kwa mintarafu hii, wafasiri na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kufanya mambo matatu. Kwanza, neno avidya litoholewe lilivyo, kama yalivyotoholewa karma na yoga, na lifafanuliwe kwa mujibu wa kila madhehebu. Pili, ufafanuzi huo utumie vitenzi ambavyo Kiswahili kimejaliwa navyo. Kudhania, kwa kauli yake ya kutendea, kunabeba kamba na nyoka kwa pamoja. Kughafilika kunamfaa aliyesahau alichokuwa nacho. Tahadhari tu ichukuliwe na nomino "udhanifu", ambayo tayari ina kazi nyingine katika istilahi za falsafa. Tatu, "ujinga" uhifadhiwe kwa Phule na wale waliosema kama yeye, pale ambapo kweli ni shule inayozungumziwa.

Chandogya ina mfano mwingine, wa mtu aliyefungwa macho, akachukuliwa kutoka Gandhara na kutupwa nyikani. Mpita njia anamfungua kitambaa na kumwonyesha upande wa kwao. Baada ya hapo mtu huyo hutembea mwenyewe, akiuliza kijiji baada ya kijiji, hadi anafika. Kiswahili kina wajibu wa kuwafungulia wasomaji wake kitambaa, na mfasiri aanze kwa kuuliza neno linamaanisha nini kwa wenyewe kabla hajalipa jina. Kuuliza, kama wahenga walivyosema, si ujinga.