Mkongo Umetia Nanga Mvita, Lugha Je?

Mnamo Juni 2009, mkongo wa mawasiliano uitwao TEAMS uliwasili Mombasa kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ukapokewa na Rais Mwai Kibaki kwa shangwe. Mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ulianza kazi, na mwaka 2010 ukafuatia ule wa EASSy. Hadi wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti, njia ya gharama kubwa na ya mwendo wa kobe. Lakini kwa wenyeji wa pwani, mapito ya mkongo huo wa kwanza hayakuwa mageni. Ni yale yale ya majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba hadi Bandari ya Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Wala waya chini ya bahari haukuwa mgeni, kwani tangu mwaka 1890 waya wa telegrafu uliiunganisha Mombasa na Unguja.

Majahazi yalileta tende, mazulia na vyombo vya udongo. Yalileta pia maneno. Watu wa pwani waliyapokea maneno hayo, wakayapa viambishi na lafudhi yao, yakawa Kiswahili. Swali linalostahili kuulizwa leo ni iwapo shehena ya mkongo nayo imepokewa kwa namna hiyo, au imeshushwa bandarini na kupitishwa juu kwa juu bila mwenyeji kuulizwa.

Haitakuwa haki kudai kwamba serikali imelala. Mwaka 2004 iliunda idara maalumu ya kusimamia matumizi ya tarakilishi na mtandao katika shughuli zake. Mkongo wa taifa ukatandazwa kuyaunganisha makao ya wilaya, na baadaye ya kaunti. Mnamo Novemba 2013 kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi, na Mombasa nayo ikapata chake. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014; kufikia Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimeingizwa humo. Mkaazi wa Mji wa Kale anayetafuta pasipoti au cheti cha mwenendo mwema leo hajazi tena fomu za karatasi za nakala tatu. Hii ni hatua, na mwenye kuibeza anajidanganya.

Hata hivyo, hebu yatazamwe majina ya mifumo yenyewe: Huduma, Huduma Namba, Maisha Namba, Afya Yangu, Ardhisasa, Gava Mkononi. Yote yanaazima mvuto wake kwa Kiswahili, hata kama mengine yamechovywa katika Sheng. Mwananchi akishaitikia jina na kuingia ndani, mambo hubadilika. Sheria iliyouzaa mfumo, masharti ya matumizi, sera ya kulinda siri za mtumiaji na maelezo ya namna ya kukata rufaa, aghalabu huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Tafsiri, ikija, huja nyuma ikihema. Kiswahili kimefanywa bawabu wa kukaribisha wageni mlangoni, ilhali mazungumzo ya sebuleni yanafanywa kwa lugha nyingine. Hali hii inapingana na Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Dai la makala haya ni kwamba lugha ni sehemu ya miundombinu yenyewe, sawa na mkongo, mnara na umeme. Lugha isiyoeleweka huudhoofisha mfumo mahali pale pale ambapo wataalamu wanajivunia kuuimarisha, yaani katika usalama wake.

Achukuliwe mfano wa mama mzee wa Kibokoni, mjane, asiyekuwa na mshahara. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliposhika nafasi ya hazina ya zamani ya bima ya hospitali, mtu wa aina yake hutakiwa kujibu maswali kuhusu nyumba yake na hali ya maisha yake. Majibu hayo ndiyo yanayotumiwa kukadiria mchango wake, ambao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mama huyu anasoma Kiswahili vizuri; pengine anasoma hata kile cha hati ya Kiarabu alichorithi kwa wazee wake. Kiingereza cha fomu hakijui. Anakwenda saiba. Kijana wa hapo, kwa adabu zote, anamwambia, “Bibi, nipe kitambulisho, na unisomee nambari iliyoingia kwenye simu yako.” Anampa. Kijana anamchagulia neno la siri na kuliandika kwenye kijikaratasi ili bibi asilisahau. Anamjibia maswali, mengine kwa kumuuliza na mengine kwa kukisia, kwa kuwa foleni ni ndefu.

Katika dakika kumi hizo, kila ulinzi uliojengwa kwa mamilioni umevunjwa bila mdukuzi yeyote kuhusika. Neno la siri si siri tena. Nambari ya uthibitisho, iliyokusudiwa kuonyesha kwamba aliyeketi mbele ya mashine ndiye mwenye akaunti, imethibitisha uongo. Jibu moja likikosewa, mchango hupanda, na mwenye kuulipa hajui ulipandia wapi. Kijana hana hatia, maana amefanya kazi ya ukalimani ambayo dola ilipaswa kuifanya. Wala bibi hana ujinga. Ni msomi wa lugha rasmi ya nchi yake, aliyehesabiwa kuwa asiyejua kusoma na fomu iliyoandikwa kwa lugha nyingine.

Upande wa sheria una uzito wake pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mwenye taarifa iwe ya wazi, ya hiari na yenye kutolewa kwa ufahamu. Ridhaa ya mtu aliyebonyezewa kitufe cha kukubali masharti asiyoweza kuyasoma itaitwaje ya ufahamu? Mahakama Kuu imekwisha kuonyesha kwamba haiogopi kuirudisha nyuma mitambo iliyomtangulia mwananchi. Mnamo Oktoba 2021 iliamua kuwa utoaji wa kadi za Huduma ulikuwa batili kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na sheria hiyo, haikufanywa kwanza. Hapo ndipo pana nafasi ya wanalugha. Tathmini ya namna hiyo isiyouliza kama mhusika anaielewa lugha ya fomu ni tathmini nusu.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: iwekwe sehemu ya kuchagua lugha, maneno ya Kiingereza yafasiriwe, basi. Tafsiri ni hatua, lakini haitoshi, kwa sababu lugha haibebi maneno matupu. Hubeba namna watu walivyoyapanga mambo yao. Mombasa inatoa mifano miwili bora. Wa kwanza ni nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya kisiwani kama Majengo, kwa vizazi kadhaa mtu amemiliki nyumba huku kiwanja kikimilikiwa na mwingine, naye akilipa kodi ya ardhi. Wa pili ni wakfu, mali iliyofungwa kwa ajili ya kizazi au msikiti, isiyouzwa wala kurithiwa kama mali nyingine. Jukwaa la Ardhisasa, lililozinduliwa Nairobi mwaka 2021, limekusudiwa kuhamishia kumbukumbu za ardhi za nchi nzima katika mtandao. Kila leja ya pwani inapohamishwa, lazima iulizwe: je, ndani ya mfumo pana mahali pa mtu mwenye kuta na paa asiyekuwa na udongo? Palipo na neno lakini hapana kisanduku, haki hupotea kimya kimya, na hakuna mfasiri atakayeirudisha. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Nao wasanifu wa mifumo hawajalala Majengo.

Hata majina ya njia yana funzo. Barabara mashuhuri ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu, kwa Kimvita, wala si Njia Kuu. Mashine iliyofundishwa Kiswahili Sanifu pekee itaiona “ndia” kuwa kosa la chapa. Ni jambo dogo, lakini anwani iliyosahihishwa na asiyeijua ni anwani isiyofikika.

Neno hilo linakumbusha mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwezi Juni 1928. Wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar walikutana kuamua ni lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha shule, vitabu na ofisi. Kiunguja kikachaguliwa, na Kimvita, lahaja ya mji ule ule uliowakaribisha wajumbe, kikaachwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Mengi yamesemwa kuhusu uamuzi ule, na uchungu wake haujaisha Mvita. Lakini tukio hilo lina mafunzo mawili kwa zama hizi za mtandao. La kwanza ni kwamba hata serikali za kikoloni, pamoja na dhuluma zake zote, zilitambua kuwa utawala haujengwi kwa reli na posta pekee. Ziliketi na kuijadili lugha kama jambo la dola. La pili ni kwamba ziliketi bila kuwasikiliza wenyeji ipasavyo, na jeraha likabaki. Serikali ya sasa imo katika hatari ya kukosea mara mbili: kutoketi kabisa, na kutowasikiliza.

Hoja ya upande wa pili isipuuzwe. Mnamo Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa na wadukuzi. Maombi ya viza yakakwama, na abiria wa reli kati ya Mombasa na Nairobi wakapata taabu kukata tiketi. Wahandisi wana haki ya kuuliza: nyumba inapoungua, ni wakati wa kujadili ngeli? Jibu ni kwamba mashambulizi ya namna ile huja na kupita, ilhali mwanya wa neno la siri lililoandikwa na mtu mwingine hubaki wazi kila siku, katika kila saiba. Tena fedha za kuutandaza mkongo zilipatikana. Gharama ya kuwaketisha wanalugha na wahandisi katika chumba kimoja haiwezi kuikaribia.

Lawama, hata hivyo, haiwaangukii wahandisi pekee. Wanazuoni wa Kiswahili wana deni lao. Kwa miaka mingi makongamano yamejadili iwapo isemwe tarakilishi au kompyuta, nywila au neno la siri, wavuti au tovuti. Mjadala ni mtamu, lakini bibi wa Kibokoni bado anangoja. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi na kufanya kazi Mombasa hadi kufariki kwake mwaka 2017, alionyesha njia kwa maneno kama runinga. Alichimba kwanza katika lahaja za Kiswahili kabla ya kukopa nje. Njia hiyo ni ya kuenziwa. Lakini istilahi hukomaa vinywani mwa watu, si katika fomu ya matibabu. Mahali ambapo kosa moja humgharimu mtu pesa au haki, neno bora ni lile alilonalo tayari, liwe la asili au la mkopo. Mwanalugha atakayeitumia fomu ya serikali kuwa uwanja wa kujaribia msamiati wake mpya atakuwa amemfungia bibi mlango ule ule kwa ufunguo mwingine.

Yapo yanayoweza kufanywa bila kungoja amri. Majirani wa Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana: Tanzania ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, jina lake na shughuli zake zikiendeshwa katika mazingira ambamo Kiswahili ni lugha ya ofisi, na BAKITA imekuwapo tangu mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili tangu mwaka 2004. Nchini Kenya, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa baraza la Kiswahili mwaka 2018, lakini idhini hiyo haikufuatwa upesi na sheria. Wakati huo huo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuchukua fomu moja tu ya umma, kuiandika upya kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kuipeleka barazani Mji wa Kale isomwe na wazee. Palipokwama, ndipo pa kurekebishwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani humo humo, nacho kinafundisha wataalamu wa tarakilishi. Mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa programu wakiandika mradi mmoja, watakuwa wamefanya zaidi ya tasnifu kumi zinazorundikana kabatini. Nayo serikali, kila inapoandaa tathmini ya athari kwa data, iongeze swali moja: je, mwenye data anaweza kuisoma fomu hii peke yake?

Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga. Mkongo umeleta joshi la kutosha, na hakuna sababu tena ya dau hilo kubaki nyuma. Kilichobaki ni kumpa mnyonge usukani anaoweza kuushika mwenyewe. Siku bibi wa Kibokoni atakapoketi mbele ya mashine, akaisoma, akachagua neno lake la siri na asimwambie mtu, ndipo itakaposemwa kwa haki kwamba mkongo umefika Mvita.